UZI MAALUMU: Haki za kisheria za kijana aliye katika malezi ya kambo, na mahali pa kuzidai

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mjadala wa malezi ya kambo unapoibuka, mazungumzo huishia kwa walezi: nani anafaa kulea, anachunguzwaje kabla ya kukabidhiwa mtoto, anasaidiwaje. Hayo yana uzito wake, lakini kijana mwenyewe, hasa yule wa miaka 12 hadi 18 ambaye tayari anaelewa vizuri kinachomtokea, husahaulika kwenye mjadala na kisha husahaulika kwenye utekelezaji. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya mashauri ninayoyashughulikia yanahusu watoto walioondolewa kwa wazazi wao. Ninachotaka kukisema, na nitakitetea katika uzi huu wote, ni kwamba kati ya haki nyingi ambazo sheria inampa kijana huyu ipo moja inayozibeba nyingine, nayo ni haki ya hali yake kupitiwa upya mara kwa mara na chombo chenye mamlaka, yeye akiwa amesikilizwa kikamilifu. Ikikosekana hiyo, hizo nyingine hazina mahali pa kudaiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu hali yenyewe. Malezi ya kambo si kuasili. Mtoto aliyeasiliwa hupata wazazi wapya mbele ya sheria, na kwa kawaida uhusiano wake wa kisheria na wazazi wa awali hukatika. Aliye katika malezi ya kambo huendelea kuwa mtoto wa wazazi wake, huishi kwa mlezi aliyeidhinishwa, na usimamizi wa malezi yake hubaki kwa taasisi ya umma iliyomkabidhi, mara nyingi chini ya amri ya mahakama. Maisha yake yamegawanywa kwa watu watatu. Mlezi ndiye aliyekesha naye akiwa na homa, lakini hana mamlaka ya kuridhia upasuaji. Afisa ustawi wa jamii anayo mamlaka, lakini hayumo nyumbani. Mzazi pengine ana haki ya kuulizwa, lakini simu yake haipatikani. Madhara mengi ninayokutana nayo yanaanzia hapo, pale ambapo kila mmoja wa hao watatu anadhani mwenzake ndiye mwenye wajibu.

Msingi wa kimataifa ni Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989. Ibara ya 20 inasema kwamba mtoto aliyekosa mazingira ya familia yake, kwa muda au moja kwa moja, anastahili ulinzi maalumu na msaada wa serikali, na kwamba anapotafutiwa malezi mbadala ni lazima kuangaliwa mwendelezo wa malezi yake pamoja na asili, dini, utamaduni na lugha yake. Ibara ya 9 inazuia mtoto kutenganishwa na wazazi wake isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka husika unaoweza kupitiwa na mahakama. Ibara ya 19 inamlinda dhidi ya ukatili akiwa mikononi mwa yeyote anayemlea, na mlezi wa kambo yumo humo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unashughulikia suala hilohilo katika Ibara ya 25. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukatoa Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, ambayo haina nguvu ya mkataba lakini ndiyo yenye maelezo ya kina kuliko yote, na wakili anaweza kuitumia mahakamani kuonyesha namna ibara hizo zinavyopaswa kueleweka. Humo mmeandikwa jambo ambalo ningetamani lisomwe mwanzoni mwa kila shauri: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake.

Serikali inapomchukua mtoto inabeba mzigo ambao haikuwa nao kabla, na mahakama zimelisema hilo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1989, katika kesi ya DeShaney dhidi ya Winnebago County, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haikuvunja katiba kwa kushindwa kumlinda mtoto aliyeumizwa vibaya na baba yake, kwa kuwa mtoto huyo hakuwa mikononi mwa serikali alipoumizwa. Ni uamuzi mchungu, lakini mantiki yake ina upande wa pili, na mahakama kadhaa za rufaa za shirikisho baadaye zikakubali kwamba mtoto aliyewekwa na serikali katika familia ya kambo ana haki ya kikatiba ya kulindwa humo. Uingereza ilikwenda mbele zaidi. Katika kesi ya Armes dhidi ya Nottinghamshire County Council, iliyoamuliwa Oktoba 2017, Mahakama ya Juu ilisema kwamba halmashauri inawajibika kisheria kwa ukatili uliofanywa na walezi wa kambo iliowateua miaka ya 1980, hata kama maafisa wake wenyewe hawakuthibitika kufanya uzembe. Kijana asikubali kuambiwa kwamba yaliyomkuta kwa mlezi ni mambo ya nyumba ile.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Haki za Mtoto ni fupi na hutajwa mara chache: mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka kwa ajili ya malezi, ulinzi au matibabu ana haki ya kupitiwa upya kwa vipindi. Miongozo ya 2009 inapendekeza mapitio hayo yafanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Huko England kanuni zinataka kikao cha kwanza kifanyike ndani ya siku 20 za kazi tangu mtoto aingie katika malezi, cha pili ndani ya miezi mitatu inayofuata, kisha kila baada ya muda usiozidi miezi sita. Marekani haijauridhia Mkataba huo hadi leo, lakini sheria yake ya shirikisho ya mwaka 1980 inataka mapitio angalau mara moja kila miezi sita, na ile ya 1997 inataka shauri la kuamua mustakabali wa kudumu wa mtoto lisikilizwe ndani ya miezi 12. Mtu asipime ulinzi wa mtoto kwa kuangalia mikataba iliyotiwa saini tu. Tarehe ya lazima iliyoandikwa katika sheria ya nchi humsaidia kijana kuliko tamko zuri lisilo na tarehe, kwa sababu tarehe ikipita bila kikao kufanyika wakili wake ana kitu cha kushika.

Naomba niwaonyeshe kikao kinavyokuwa kinapoharibika. Kuna meza ndefu, watu wazima saba, na kijana wa miaka 14 aliyeketi karibu na mlango, mlezi wake ubavuni. Wanasoma ripoti ya shule, wanasoma ripoti ya afya, wanajadili usafiri. Mwenyekiti anafika kwenye kisanduku cha maoni ya mtoto, anainua macho na kuuliza: “Unaendeleaje huko nyumbani?” Kijana anamtupia jicho mlezi, kisha anajibu: “Vizuri.” Mwenyekiti anaandika neno hilo na kwenda kipengele kinachofuata. Kumbukumbu za kikao zitasema kwamba mtoto alishirikishwa.

Mbele ya sheria huyo hajasikilizwa. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla namba 12 ya mwaka 2009 kuhusu Ibara ya 12 ya Mkataba, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa, imetaja hatua tano: mtoto aandaliwe kabla, asikilizwe katika mazingira yanayomtia moyo, uwezo wake wa kuelewa upimwe, aelezwe maoni yake yamepewa uzito gani katika uamuzi, na awepo mahali pa kulalamika iwapo amepuuzwa. Kamati imekataa pia kuwekwa umri wa chini wa kusikilizwa. Kwa hiyo kijana anaweza kudai, na wakili au mtetezi wake anapaswa kudai kwa niaba yake, kwamba aelezwe ajenda siku kadhaa kabla, aonane na mwenyekiti faraghani bila mlezi kuwapo, aruhusiwe kuleta barua kama kuzungumza kunamshinda, asindikizwe na mtu anayemwamini, na apewe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Hiyo hatua ya nne, ya kurudishiwa majibu, ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomfanya kijana aache kusema chochote katika kikao cha tatu na cha nne, kwa sababu ameshaona kwamba maneno yake hayaendi popote.

Katika kikao kama hicho ndimo haki nyingine zinapopata uhai. Ndugu wa tumbo moja, kwa mujibu wa Miongozo, wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari iliyo wazi au sababu nyingine inayohusu masilahi yao, na wakitenganishwa mawasiliano yao yalindwe; kijana anayeuliza mdogo wake anaishi wapi anastahili jibu katika kumbukumbu za kikao, si ahadi ya mdomo. Shule nayo ina nafasi yake hapo, kwa kuwa kila kuhamishwa kwa mlezi kunaweza kumaanisha kuhamishwa shule, na ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inazitaka mamlaka kuhakikisha mtoto anabaki katika shule aliyokuwa akisoma isipokuwa masilahi yake yanaelekeza vinginevyo. Adhabu za kumfungia mtoto peke yake, kumpiga au kumdhalilisha zimekatazwa na Miongozo, na wala sioni haja ya kuzijadili kwa urefu.

Jambo moja linaloonekana dogo lakini linalowaumiza sana vijana ni ruhusa za kila siku. Kijana anaalikwa kulala kwa rafiki yake, kwenda ziara ya shule, au anataka kunyoa nywele. Mlezi anaogopa kuamua, anamwandikia afisa, afisa yuko safarini, na siku ya ziara inapita. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 ililishughulikia hilo kwa kumpa mlezi uwezo wa kuamua mambo ya kawaida ya umri wa mtoto kwa busara ambayo mzazi makini angeitumia. England nayo inataka mpango wa malezi useme wazi ni maamuzi yapi yamekasimiwa kwa mlezi. Ushauri wangu ni kwamba orodha hiyo iandikwe siku ya kwanza kabisa, na kijana apewe nakala yake.

Ninakaribisha maswali. Naomba tusitaje majina ya watoto wala ya nyumba wanamoishi, kwa kuwa faragha yao ni haki ya kisheria pia.

#2 Mchangiaji, mlezi wa kambo

Nashukuru sana, wakili, kwa uzi huu. Nina swali linalonisumbua. Ninaye kijana wa miaka 13, na kila anaporudi kutoka kumwona mama yake mzazi anakuwa na hasira, hali chakula, na hukosi kusikia amepigana shuleni. Nimefikiria kumwambia kwamba hatakwenda tena hadi tabia yake itulie. Je, ninayo mamlaka hiyo?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu mlezi, hapana, huna. Ibara ya 9 inamtambua mtoto kuwa mwenye haki ya kuendelea kuonana na wazazi wake mara kwa mara isipokuwa jambo hilo linapingana na masilahi yake, na Miongozo ya 2009 inasema kwa maneno yasiyo na utata kwamba kumpunguzia mtoto mawasiliano na familia yake au watu muhimu kwake kusitumike kamwe kama adhabu. Hata mamlaka yenyewe haina uhuru usio na mipaka katika hili. Chini ya Sheria ya Watoto ya England ya mwaka 1989, halmashauri yenye amri ya malezi inaweza kuzuia mawasiliano kwa dharura kwa muda usiozidi siku saba. Ikitaka zaidi ya hapo ni lazima iende mahakamani.

Hata hivyo unachokiona kina maana, na usikae nacho moyoni. Kiandike pamoja na tarehe: alikwenda lini, alirudi akiwa vipi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Hasira baada ya kuagana na mama si ushahidi kwamba mama ni hatari. Mara nyingi ni uchungu wa kuagana. Inaweza pia kuwa dalili ya jambo zito lililotokea huko, na wa kulichunguza ni afisa aliyesomea kazi hiyo. Omba kikao cha mapitio kiitishwe mapema kabla ya tarehe yake, jambo ambalo linaruhusiwa hali inapobadilika, na uombe kijana azungumzwe naye peke yake. Huenda ikaamuliwa mikutano iwe mifupi zaidi, au ifanyike mahali pengine, au afisa awepo. Uamuzi wowote kati ya hiyo utakuwa umefanywa na mwenye mamlaka, na kijana hatabaki akiamini kwamba wewe ndiye uliyemnyima mama yake.

#4 Mchangiaji

Wakili, nakuheshimu, lakini nina wasiwasi. Walezi wa kambo ni wachache tayari. Ukimpa kila kijana orodha ya haki na namba ya kulalamikia, nani atakubali kuingiza mgeni nyumbani mwake ili kesho ashtakiwe kwa kumkataza kutoka usiku?

#5 Mwanzisha uzi

Wasiwasi wako una msingi na sitaudharau, kwa sababu nimewatetea walezi waliosingiziwa na ninajua jinsi tuhuma inavyoivuruga familia nzima. Lakini tazama kinachotokea pale ambapo hakuna utaratibu. Kijana asiye na mahali pa kusemea hutoroka, au humweleza mtu yeyote wa kwanza anayemsikiliza, na taarifa humfikia afisa ikiwa imegeuzwa mara tatu. Penye utaratibu, malalamiko ya kukatazwa kutoka usiku hujibiwa kwa dakika kumi katika kikao, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba mlezi alitenda alivyopaswa. Miongozo inataka kila mtoto awe na mtu wa kumwamini anayeweza kumweleza siri zake, na pia awe na chombo anachokijua, chenye ufanisi na kisichopendelea, cha kupeleka malalamiko. Hayo ni mambo mawili tofauti. Lile la kwanza likifanya kazi vizuri, la pili huhitajika mara chache.

Isitoshe, mkono wa sheria haumtaki mlezi aache kuwa mlezi. Kumwekea kijana saa ya kurudi ni malezi. Kumfungia chumbani, kumnyima chakula, au kumtishia kila siku kwamba “nitakurudisha ulikotoka” si malezi, na tishio hilo la mwisho, ambalo wengi hulichukulia kuwa maneno ya hasira tu, ningependa kuliona likitajwa kwa jina katika mafunzo ya kila mlezi, kwa sababu kijana aliyekwisha kuhamishwa mara mbili halichukulii kama maneno.

#6 Mchangiaji, afisa ustawi wa jamii

Naunga mkono hoja, lakini niseme ukweli wa upande wetu. Afisa mmoja ana majalada kuliko uwezo wake, na vikao hupigwa kalenda si kwa ubaya bali kwa kukosa watu. Kijana anayedai haki yake kwa afisa aliyechoka atapigwa danadana tu. Sheria inasaidia nini hapo?

#7 Mwanzisha uzi

Asante kwa kusema hivyo waziwazi. Jibu langu ni kwamba mapitio yasiachwe mikononi mwa yuleyule anayepitiwa. England tangu mwaka 2004 ina maafisa huru wa mapitio, ambao hawasimamii shauri la mtoto. Kazi yao ni kuongoza kikao, kufuatilia kama maamuzi ya kikao kilichopita yametekelezwa, na ikibidi kulifikisha suala nje ya halmashauri ili lipelekwe mahakamani. Udhaifu wao ni kwamba wanalipwa na halmashauri hiyohiyo, jambo linalolalamikiwa na wengi, nami nakubaliana nao. Marekani imechukua njia nyingine: tangu sheria ya mwaka 1974, majimbo yanayopokea ruzuku ya shirikisho ya kuzuia ukatili kwa watoto hutakiwa kumteulia mtoto mwakilishi katika shauri la mahakama linalohusu kutendewa vibaya au kutelekezwa. Hapo nako kuna tatizo lake, kwa kuwa mwakilishi huyo mara nyingi husema kile anachoona kinamfaa mtoto, na kijana wa miaka 16 anaweza kujikuta mwakilishi wake akiomba kinyume kabisa cha alichomwambia. Kwa mtazamo wangu kijana anayeweza kutoa maelekezo anastahili wakili anayeyafuata maelekezo hayo, na masuala ya masilahi yake yazungumzwe na mtu mwingine.

Kwa nchi ambazo bado hazina chombo huru, mahakama ya watoto yenyewe inaweza kuweka tarehe ya kurudi ndani ya amri ya malezi. Mawakili tuiombe kila mara. Tarehe iliyo ndani ya amri ya mahakama haipigwi kalenda kirahisi kama ile iliyo katika shajara ya afisa.

#8 Mchangiaji, kijana

Shikamoo wakili. Nina miaka 17 na nimekaa kwa mlezi wangu tangu nikiwa na miaka 9. Afisa aliniambia nikitimiza 18 jalada langu litafungwa. Mlezi anasema ningeweza kubaki, ila hajui kama inaruhusiwa. Je, sheria inasemaje? Nianze na nini?

#9 Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza sasa, ukiwa na muda mbele yako.

Ni kweli kwamba katika sheria nyingi amri ya malezi hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, kwa kuwa hapo anahesabiwa kuwa mtu mzima. Lakini kukoma kwa amri hakumaanishi kukoma kwa wajibu wote. Miongozo ya 2009 inataka maandalizi ya kujitegemea yaanze mapema iwezekanavyo, vyema kabla hujaondoka katika malezi, na msaada uendelee baadaye. Ili uone kwamba hilo linawezekana kisheria: England, kwa sheria ya mwaka 2014, kijana anaweza kubaki kwa mlezi wake wa zamani hadi miaka 21 iwapo wote wawili wanataka, na halmashauri ina wajibu wa kuusaidia mpango huo, tena kwa sheria ya mwaka 2017 anaweza kuomba msaada wa mshauri wake binafsi hadi miaka 25. Marekani, sheria ya mwaka 2008 inayaruhusu majimbo kuendeleza malezi hadi miaka 21 kwa fedha za shirikisho, na aliyekuwa katika malezi alipotimiza 18, akiwa amesajiliwa katika mpango wa afya wa umma, anaweza kuendelea kupata huduma hiyo hadi miaka 26.

Kwa hiyo swali lako kwa afisa lisiwe “Je, naruhusiwa?” Andika barua, weka tarehe, baki na nakala, na uombe mambo haya: kikao cha mapitio kiitishwe kabla hujatimiza 18, mpango wa kuondoka katika malezi uandaliwe kwa maandishi, ukieleza utaishi wapi, utasoma au utafanya kazi gani, na nani atakuwa mtu wako wa kumpigia simu mambo yakiharibika, na mlezi wako aitwe kwenye kikao hicho aseme mwenyewe kwamba yuko tayari kubaki nawe. Mlezi anayesema hivyo mbele ya mwenyekiti, ikaandikwa, amekusaidia kuliko anayesema jikoni.

Jambo la pili ni nyaraka, na hapa naomba uwe mkali. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 inakataza kijana aliyekaa katika malezi kwa miezi sita au zaidi kuruhusiwa kuondoka akiwa na miaka 18 au zaidi bila kukabidhiwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, taarifa za bima ya afya, rekodi zake za matibabu na kitambulisho. Bunge liliandika orodha hiyo kwa sababu vijana walikuwa wakitoka mikono mitupu, wasiweze kupanga chumba wala kuthibitisha wao ni nani. Sheria hiyohiyo inataka rekodi za mikopo za kijana aliyefikisha miaka 14 zikaguliwe kila mwaka, kwa kuwa jina la mtoto ambaye karatasi zake zimepita mikononi mwa watu wengi ni rahisi kutumiwa na wengine kukopa. Popote ulipo, omba cheti cha kuzaliwa halisi, vyeti vya shule, kadi za chanjo na matibabu, na nakala za amri zote za mahakama zinazokuhusu. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, kazi ya kukitafuta ni ya mamlaka iliyokusimamia. Isiwe mzigo wako wa kwanza wa utu uzima.

#10 Mchangiaji, kijana

Nashukuru sana. Mlezi wangu amesoma na amekubali kuandika barua yake. Swali la mwisho: je, ninaweza kulisoma jalada langu? Kuna miaka ya utotoni ambayo hakuna anayeweza kunieleza nilikuwa kwa nani.

#11 Mwanzisha uzi

Unaweza kuliomba, na ombi hilo lina msingi imara. Kesi inayotajwa zaidi ni Gaskin dhidi ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 7 Julai 1989. Mlalamikaji alikulia katika malezi ya umma tangu akiwa mdogo na kukabidhiwa kwa walezi mbalimbali, na alipokuwa mtu mzima aliomba jalada lake. Alipewa sehemu tu, kwa kuwa baadhi ya walioandika taarifa zile kwa siri hawakuridhia zitolewe. Mahakama ilisema kwamba watu walio katika hali yake wana masilahi makubwa, yanayolindwa na haki ya kuheshimiwa kwa maisha binafsi, ya kupata taarifa zinazohitajika ili waujue na kuuelewa utoto wao, na kwamba Uingereza ilikosea kwa kutoweka mamlaka huru ya kuamua pale mwandishi wa taarifa anapokataa au asipojibu. Haikusema kwamba kila ukurasa lazima utolewe. Miongozo ya 2009 nayo inataka mtoto aweze kuliona jalada lake na apewe ushauri nasaha kabla, wakati na baada ya kulisoma, na ninakusihi ukubali ushauri huo, kwa kuwa utakutana na maelezo ya wazazi wako yaliyoandikwa na watu waliowaona katika siku zao mbaya kuliko zote.

Katika barua yako taja majina yote uliyowahi kutumia, pamoja na ya utotoni, kwa sababu jalada hufunguliwa kwa jina la wakati ule na huenda halikubadilishwa. Taja pia walezi na shule unazozikumbuka, hata kwa kukisia mwaka. Omba na picha, barua na vitu vyako binafsi, kwa maana Miongozo inataka kila mtoto awekewe kumbukumbu ya maisha yake yenye vitu vya aina hiyo, na mara nyingine huwa vimehifadhiwa mahali tofauti na jalada. Ukipewa kurasa zilizofutwa kwa wino mweusi, uliza kwa maandishi sababu ya kila ufutaji na chombo cha kukatia rufaa. Amri ya malezi ikishakoma, wakili atakayekusaidia atahitaji idhini yako iliyotiwa saini ili alione jalada hilo, kwa hiyo iandae mapema uiambatanishe na barua yenyewe.